Mwili Unaoitikia: Uhakiki wa Miondoko ya The Temptations na Sifa za Mashabiki Wao

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa nyimbo, maneno ndiyo yaliyozoea kupewa kiti cha mbele. Mhakiki huanza na matini, akapita kwenye muundo, akagusa melodia, kisha mwili wa mwimbaji ukatajwa mwishoni kama nyongeza. Mazoea haya hayalifai kundi la The Temptations la Detroit, Marekani, mojawapo ya makundi makuu ya uimbaji wa muziki wa soul. Kwa zaidi ya nusu karne, mashabiki wa kundi hili wanapoeleza kilichowavutia, aghalabu huanza na wanaume watano waliovaa suti za namna moja, wakigeuka kwa pamoja na kurejea kwenye kipaza sauti bila kukosa mdundo. Kwa shabiki wa aina hii, kuwasikia bila kuwaona ni kupata nusu ya wimbo.

Makala hii inazichukulia sifa hizo kuwa ni hukumu ya kihakiki inayostahili kupimwa. Swali linaloongoza mjadala ni hili: mashabiki wanaposifu uchezaji wa The Temptations, wanasifu nini hasa? Jibu la kawaida ni ulinganifu, yaani watu watano kuonekana kama mmoja. Hoja ya makala hii ni kwamba jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Miondoko ya kundi hili ilikuwa kiitikio kilichotolewa kwa mwili. Kwa kuwa kiitikio hicho kiliweza kufundishwa na kurithishwa, kililiwezesha kundi kudumu hata waimbaji wake walipoondoka. Hata hivyo, uwezo huohuo uliweza pia kuyafunika maumivu ya mtu mmoja mbele ya macho ya hadhira nzima.

Uchambuzi unatumia istilahi za fasihi simulizi: fanani, hadhira, utendaji na kiitikio. Finnegan (1970) alionyesha kwamba kazi simulizi haikamiliki mpaka itendwe mbele ya watu, na kwamba ishara, sauti na mwitikio wa hadhira ni sehemu ya kazi yenyewe. Alikuwa akizungumzia Afrika. Kanuni hiyo inaweza kuvuka bahari bila kulazimishwa, kwa sababu mtindo wa kiongozi kuita na wenzake kuitikia, ulio mhimili wa uimbaji wa makanisa ya Wamarekani Weusi, una mizizi katika uimbaji wa Afrika.

2.0 Usuli wa Kundi na Miondoko Yake

The Temptations iliundwa mwaka 1961 kutokana na makundi mawili, The Primes na The Distants. Paul Williams na Eddie Kendricks walitokea Birmingham, Alabama. Melvin Franklin alizaliwa Montgomery, katika jimbo hilohilo. Otis Williams alitoka Texarkana, Texas. David Ruffin, mzaliwa wa Mississippi aliyelelewa katika nyimbo za injili, alijiunga mwaka 1964. Wote watano walikuwa watoto wa Kusini waliokutana katika mji wa viwanda vya magari, ambako Berry Gordy alianzisha kampuni ya Motown mwaka 1959. Wimbo wa "My Girl", uliotolewa mwishoni mwa 1964, ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani mwezi Machi 1965.

Kuhusu miondoko, kundi lilikuwa na vyanzo viwili. Cha kwanza ni Paul Williams mwenyewe, ambaye tangu mwanzo ndiye aliyewatungia wenzake namna ya kucheza. Cha pili ni Cholly Atkins, mzaliwa wa Alabama (1913), aliyeajiriwa na Motown katikati ya miaka ya 1960. Atkins alikuwa bingwa wa uchezaji wa kugonga sakafu kwa viatu vyenye vipande vya chuma, na kwa miaka mingi alicheza jukwaani pamoja na mwenzake Honi Coles. Kabla ya kufika Detroit, alikuwa amekwisha kuyafundisha makundi ya waimbaji katika miaka ya 1950. Ndani ya Motown alifanya kazi katika idara ya kuwaandaa wasanii, pamoja na Maurice King aliyeshughulikia muziki na Maxine Powell aliyefundisha mwenendo, mavazi na namna ya kujiheshimu mbele ya watu.

3.0 Miondoko kama Kiitikio

Mwimbaji anayecheza hukabiliwa na tatizo ambalo mchezaji wa kawaida halijui: lazima apumue vizuri na awe amerudi kwenye kipaza sauti kabla ya zamu yake. Utunzi wa Atkins ulianzia hapo. Hatua kubwa, kama vile mzunguko kamili au kusogea upande, ziliwekwa katika mianya ambayo midomo imefungwa. Hatua ndogo, kama vile kuyumba, kugonga vidole au kunyoosha mkono, ziliachwa ziandamane na sauti. Kwa hiyo mwili hutamka pale sauti inaponyamaza. Hii ndiyo kazi ya kiitikio katika wimbo simulizi: kuijaza nafasi ambayo kiongozi ameiacha, ili mdundo usikatike.

Mpangilio wa jukwaa unaithibitisha hoja hii. Katika maonyesho mengi ya televisheni ya miaka ya 1960, kiongozi husimama kando na wanne waliobaki husimama pamoja. Ruffin anapoita kwa sauti yake yenye mikwaruzo, wale wanne humjibu mara mbili: kwanza kwa sauti, halafu kwa bega, mkono au goti. Mtazamaji asiyejua Kiingereza anaweza kufuata mazungumzo hayo yote. Anaona nani anaomba, nani anamuunga mkono, na ni wakati gani ombi limezidi nguvu za mwombaji. Aidha, miondoko hiyo haiigizi kila neno. Ishara za kuigiza maneno zipo, lakini hazitawali; kinachotawala ni mdundo wa pili unaopita chini ya ule wa ngoma na gitaa, unaosikika kwa macho.

Ushahidi zaidi unapatikana katika "I Can't Get Next to You" ya mwaka 1969. Katika wimbo huo waimbaji wote watano hupokezana uongozi, mara nyingine kwa kipande kifupi tu kila mmoja. Mpokezano wa namna hiyo, ukisikilizwa katika rekodi, ni mchezo wa sauti tofauti: nyembamba ya Kendricks, nzito ya Franklin, na nyingine kati yake. Ukiletwa jukwaani, unakuwa suala la nafasi. Anayepewa zamu lazima ajitokeze, na aliyemaliza lazima arudi mahali ambapo wenzake wamemwachia. Hapa ulinganifu unapata maana yake halisi. Watu watano hawafanani kwa sababu ni sawa. Wanafanana ili kila mmoja aweze kutofautiana kwa muda na bado awe na mahali pa kurudi.

Hii inaeleza kwa nini mashabiki walewale wanaosifu mstari ulionyooka humsifu pia Ruffin kwa kuuvunja. Kurusha kwake kipaza sauti hewani, kujizungusha na kukidaka, au kupiga magoti katikati ya wimbo, ni matendo ya mtu aliyetoka nje ya mstari. Kama ulinganifu peke yake ndio ungekuwa kipimo cha uzuri, matendo hayo yangehesabiwa kuwa makosa. Hadhira huyapenda kwa sababu mstari upo. Bila wanne waliotulia, magoti ya Ruffin yangekuwa kelele tu.

4.0 Heshima au Unyenyekevu?

Zipo hoja dhidi ya miondoko hii ambazo mhakiki hawezi kuzikwepa. Inadaiwa kwamba mafunzo ya Motown yaliwasafisha wasanii Weusi ili wakubalike kwa wateja Weupe wa kumbi za gharama. Dai hili lina msingi. Gordy hakuficha nia ya kuuza muziki wake kwa Wamarekani wote, na kundi hili lilipiga katika ukumbi wa Copacabana mjini New York, likatoa albamu ya onyesho hilo mwaka 1968. Suti, tabasamu na mstari ulionyooka vilikuwa na bei yake sokoni.

Hata hivyo, kueleza soko hakutoshi kueleza asili ya sanaa. Miondoko ambayo Atkins aliifundisha haikutoka katika shule ya adabu ya Wazungu. Ilitoka katika kumbi za Wamarekani Weusi ambako yeye na Coles walicheza pamoja na bendi kubwa za jazi, na ambako hadhira ilikuwa hodari wa kumhukumu mchezaji aliyebabaisha. Malone (1996), anayeuchunguza uchezaji wa Wamarekani Weusi, anaiweka kazi ya Atkins ndani ya historia hiyo ndefu. Kwa mtazamo huu, unadhifu wa The Temptations ulikuwa lugha mbili kwa wakati mmoja. Mteja wa Copacabana aliweza kuona vijana wenye adabu. Shabiki aliyekulia katika mapokeo yale aliweza kuona ustadi wa wazee wake, ukitendwa na vijana wa Kusini ambao utaratibu wa kibaguzi wa huko haukuwapa heshima waliyostahili. Sifa za shabiki huyu haziwezi kufutwa kwa sababu tu mwenye kampuni alikuwa akihesabu fedha.

5.0 Mstari na Mtu

Mwaka 1968 Ruffin aliondolewa kundini na nafasi yake ikachukuliwa na Dennis Edwards. Mwaka 1971 Kendricks aliondoka. Makundi mengi hufa yanapopoteza viongozi wawili wa namna hiyo. The Temptations iliendelea, na mwaka 1972 ikatoa "Papa Was a Rollin' Stone", ambao katika albamu unakaribia dakika 12 na ambao vyombo hupigwa kwa takribani dakika 4 kabla ya sauti ya mwimbaji kusikika. Sauti mpya zilikuwa tofauti na zile za zamani, na utunzi wa Norman Whitfield ulikuwa tofauti na ule wa "My Girl". Kilichoweza kuvuka kutoka kwa mtu hadi mtu ni nafasi katika mstari na hatua zinazokwenda na nafasi hiyo. Sauti ya mtu hairithiki, hatua hufundishika.

Kisa cha Paul Williams kinaonyesha upande wa pili wa uwezo huo. Mwalimu huyu wa kwanza wa miondoko ya kundi alisumbuliwa na ugonjwa wa selimundu pamoja na ulevi. Afya yake ilipozorota, ilifika mahali akawa anacheza na kufumba na kufumbua midomo jukwaani huku Richard Street akiziimba sehemu zake nyuma ya pazia. Aliondoka kundini mwaka 1971, Street akachukua nafasi yake rasmi, naye akaendelea kulisaidia kundi katika utunzi wa miondoko. Alifariki mwaka 1973 akiwa na umri wa miaka 34.

Kisa hiki kinaitia nguvu hoja ya makala na wakati huohuo kuitia majaribuni. Kinaitia nguvu kwa kuwa onyesho liliweza kusimama huku sauti ikitoka kwingine. Lililohitajika jukwaani ni mwili katika nafasi yake. Kinaitia majaribuni kwa kuwa mstari ambao hadhira iliushangilia ulikuwa, usiku huohuo, pazia la pili. Pazia la kitambaa lilimficha Street. Pazia la miondoko lilimficha Williams mgonjwa ndani ya Williams mchezaji. Shabiki aliyeona watu watano kama mmoja aliona sawasawa, lakini hakuweza kumwona mmoja kati ya watano.

6.0 Hitimisho

Makala hii imejadili kwamba mashabiki wa The Temptations wako sahihi kuuweka mwili katikati ya sanaa ya kundi hili, na kwamba neno ulinganifu halitoshi kueleza wanachokipenda. Wanachokipenda ni mwitikio: mwili unaojibu sauti, wanne wanaomshikilia mmoja anapojitosa, na nafasi inayongoja mtu arudi. Uhakiki wa nyimbo unaoishia kwenye maneno hauna macho ya kuyaona hayo. Lakini jicho la mhakiki halina budi kwenda hatua moja zaidi ya lile la shabiki. Mstari unapogeuka kwa pamoja na ukumbi kupiga vigelegele, swali linalobaki ni nani amebebwa na mstari huo, na nani anaubeba kwa nguvu zake za mwisho. Paul Williams aliyafanya yote mawili, katika hatua alizozitunga mwenyewe.