Sindano ya Mkono wa Kushoto

Katika sindano zote za kliniki ya watoto, ya BCG, chanjo ya kifua kikuu, ndiyo inayompima muuguzi. Dozi ya mtoto mchanga ni mililita 0.05, tone tu, na sharti ibaki ndani ya ngozi yenyewe. Ikishuka chini ya ngozi inaweza kuleta jipu. Nimewatazama wauguzi wa Kitui na Makueni wakiifanya kazi hii, na sijachoka kuitazama.

"Susu, mshike kiwiko, usimwachie," nyanya mmoja aliambiwa. Muuguzi aliukamata mkono wa kushoto wa mjukuu kwa chini, akaivuta ngozi kwa kidole gumba mpaka ikanyooka. Sindano akailaza karibu sambamba na mkono, tundu la ncha likitazama juu, akaingiza ncha peke yake. Kisha akasukuma taratibu. Hapo kidole ndicho kinachoona: dawa ikiwa mahali pake, bomba hukaza, ikiteleza bila kukaza, umeshapita kina. Kikainuka kivimbe cheupe chenye vitundutundu kama ganda la chungwa. Ndipo mtoto akalia.

Ustadi wenyewe huanza mapema zaidi. Chanjo inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na jua la Kibwezi au Mutomo tunalijua. Asubuhi, kabla ya kugusa chochote, muuguzi husoma kipimajoto cha friji. Kila kichupa kina alama ya mraba ndani ya duara. Joto huutia mraba giza, na rangi yake ikilingana na ya duara, kichupa hicho hakitumiki tena.

BCG ikishachanganywa na maji yake hudumu saa 6 tu. Kichupa kimoja kina dozi 20, nasi tuna vijiji ambavyo watoto 20 hawazaliwi hata kwa mwezi. Kwa hiyo zahanati nyingi hutenga siku maalumu, na wahudumu wa afya ya jamii hupita boma kwa boma wakiwaita akina mama. Hata hivyo namheshimu zaidi muuguzi anayefungua kichupa kwa ajili ya watoto wawili waliotoka mbali. Dawa itamwagwa, ndiyo. Lakini mama aliyerudishwa mikono mitupu huenda asije tena, na kifua kikuu kikimpata mtoto huweza kupanda hadi utando wa ubongo.

Baada ya wiki kadhaa hutokea kidonda kidogo. Akina mama huonywa wasikikamue wala kukipaka chochote, kitapona chenyewe. Wiki ya 6 mtoto akiletwa kwa sindano za mapajani, muuguzi hufunua kwanza mkono wa kushoto, akague kazi yake.