Programu ya Biashara Ichaguliwe Mzanini

Kampuni ya kati ya nafaka pale Mazwi, mkoani Rukwa, yenye ghala, mashine ya kusaga na malori mawili matatu, ikitaka programu ya kuendesha biashara, kwa kawaida anayeitwa kuikagua ni mhasibu. Anaoneshwa ankara, madeni na ripoti za mwezi, anaridhika, leseni inalipiwa. Mimi ningemwita kwanza mtunza ghala. Kampuni ya kati, kwa sera yetu ya biashara ndogo na za kati ya mwaka 2003, ina watu 50 hadi 99. Kwa ukubwa huo mwenye mali hawezi tena kusimama mlangoni akahesabu kila gunia, na mali yake inapungukia palepale mlangoni.

Chukua mahindi ya Laela au Matai yaliyoingia Juni, kilo 10,000, kipima unyevu kikisoma asilimia 16. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi 13.5. Yakianikwa kwenye turubai mpaka yafike hapo, kilichopungua ni maji tu. Uzito wake bila maji, kilo 8,400, uko palepale. Gawanya kwa 0.865 (yaani asilimia 100 ukitoa 13.5), unapata kilo 9,711. Kilo 289 zimeondoka bila mwizi. Programu isiyo na mahali pa kuandika unyevu itaendelea kuonesha tani 10, na siku ya kuhesabu mali mtunza ghala ataulizwa karibu gunia tatu kazipeleka wapi. Naona hili ni dhuluma kubwa kwa mtu mwaminifu. Bei nayo imehama: tuseme kilo ilinunuliwa kwa shilingi 600, sasa imesimama kwenye 618, kabla hujalipa vibarua. Anayepanga bei ya kuuzia kwa kuangalia 600 anajipunja kwenye kila tani.

Mashineni mambo yanazidi. Gunia moja linatoa sembe na pumba, zote zinauzwa, na programu lazima igawe gharama kati yake. Manunuzi nayo yaingie kwa kilo za mzani. Ukiruhusu neno "gunia" peke yake, lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imeshaingia kwenye hesabu.

Kati ya programu zilizopo, Tally ya India, ambayo wahasibu wengi wanaijua, inakaa kwenye kompyuta ya ofisini, inakubali bidhaa moja iwe na vipimo viwili, na inatambua mazao ya ziada ya uzalishaji. Odoo ya Ubelgiji ina toleo la bure lenye ghala na uzalishaji, ila uhasibu kamili uko kwenye toleo la kulipia. Kwangu swali zito ni hili: intaneti ikikatika, lori likiwa juu ya mzani, karani ataandika wapi? Umeme ukizimika intaneti nayo huweza kupotea, na Rukwa imetegemea umeme wa kutoka Zambia kwa miaka mingi. Mfumo unaoishi mtandaoni tu usinunuliwe bila jibu la hilo.

Muuzaji aulizwe pia kama programu inazungumza na mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi, ambayo wafanyabiashara wanaitumia tangu 2010. Isipozungumza, kila mauzo yataandikwa mara mbili, na hesabu mbili zisizolingana ndizo TRA watakazozikuta.

Kuhamia programu mpya kufanyike Februari, ghala likiwa karibu tupu, kwa kuhesabu upya kilichobaki badala ya kunakili kitabu cha stoo. Ianze na mahindi peke yake. Maharage na alizeti vifuate karani wa mzani akishaizoea, kabla malori ya Juni hayajapanga foleni.