Nani Aliagiza Maziwa?

Wengi mlikuwepo Kitaji, hapa Musoma, Jumamosi ile keki ya matufaha ya wamisionari ilipookwa upya kutoka kwenye daftari la zamani, na mlipiga makofi. Keki ilitoka imenyanyuka, ina rangi ya kupendeza, harufu ya mdalasini imefika mpaka barabarani. Mimi sikupiga. Kikombe cha maziwa kilichomiminwa kwenye bakuli kabla ya unga kilikuwa kimeshaharibu kazi nzima, na yote yaliyofuata yalikuwa kusubiri matokeo tu.

Niwape kwanza waandaaji haki yao. Daftari walilitafuta kwa udi na uvumba mpaka wakalipata kwa familia ya mzee aliyewahi kuwapikia wamisionari. Matufaha yalikatwa vipande, hayakukwaruzwa. Moto ulikuwa safi: makaa mengi juu ya mfuniko, machache chini, bati limekingwa upande wa ziwani kuzuia upepo. Hayo yanatosha.

Sasa bakuli. Ukurasa wenyewe nimeusoma, umeandikwa kwa penseli na mende wamekula pembe moja. Unasema: matufaha vikombe 4, sukari vikombe 2, unga wa ngano vikombe 2, mayai 2, mafuta nusu kikombe, beking soda kijiko cha chai 1, mdalasini vijiko 2, chumvi kidogo, karanga ukipenda. Basi. Hakuna maziwa, hakuna maji. Chini yake kuna maelekezo ya mstari mmoja: changanya matunda na sukari, acha, halafu tia vingine, oka.

Dada mpishi alikwama hapo. Mlimsikia akiuliza, "Bibi, mbona maziwa hawakuandika? Au waliyasahau?" Bibi, ambaye keki hiyo aliila akiwa mtoto, akamjibu, "Maziwa siyakumbuki, mjukuu wangu. Ninachokumbuka tulikatazwa kugusa lile bakuli mpaka watu watoke kanisani."

Watu wakacheka. Hakuna aliyeona kwamba bibi alikuwa ametoa ushahidi wote uliohitajika. Bakuli linalosubiri ibada iishe haliwezi kuwa na unga na soda ndani, maana soda ikishalowa inaanza kufanya kazi papo hapo. Ukiiacha muda wa ibada nzima utaoka kitu kilichokwisha kuzimika. Kilichokuwa kinasubiri ni matunda na sukari. Ile "acha" ya kwenye daftari ndiyo hiyo, na muda wake bibi aliutaja mbele yetu sote.

Kilichofanyika ni kinyume kabisa. Dada aliyanyunyizia matufaha sukari, akaenda kupepea mkaa, aliporudi akakuta maji yamejaa chini ya bakuli. Akainamisha bakuli, akazuia vipande kwa kiganja, akamwaga ile juisi yote kwenye ndoo ya maganda, akisema keki isije ikalowa. Kisha akachukua maziwa yaliyochemshwa, kikombe kizima, akamimina. Yaani maji yaliyotakiwa yametupwa kwa hofu ya kulowesha keki, na maji yasiyotakiwa yametiwa kwa hofu ya kuikausha, na kati ya hofu hizo mbili hazikupita hata dakika 2.

Tufaha zaidi ya asilimia 80 ni maji. Ukilikata na kulitia sukari, sukari inayavuta yale maji nje, na baada ya saa moja una sharubati ya kutosha kukanda vikombe 2 vya unga bila kuomba msaada wa ng'ombe. Ndiyo sababu orodha haina maziwa. Mwandishi hakusahau. Kukosekana kwa maziwa ndiko kulikoitambulisha keki hiyo na kuitenga na keki nyingine zote za daftari lile, ambazo zina maziwa, tena kwa vipimo kamili. Mtu aliyeandika maziwa ukurasa wa mbele na ukurasa wa nyuma hawezi kuyasahau ukurasa wa katikati.

Kuna jambo la pili, na hapa naingia kwenye ugomvi wangu wa zamani. Daftari linasema beking soda. Halisemi beking poda. Nimeshalipigia kelele hili kwenye maandazi, kwenye mkate wa maji na kwenye kalmati, na majiko yetu bado yanazichukulia kama kitu kimoja chenye makopo mawili. Poda imetiwa uchachu wake humohumo koponi, ikipata maji na moto inajitosheleza. Soda peke yake inahitaji kitu kichachu ili itoe hewa yote ya kuumua na ili ladha yake ya magadi ife. Ukiona mapishi yana soda tupu, jiulize uchachu uko wapi. Kwenye mapishi haya uko kwenye tufaha, na sehemu kubwa ya uchachu huo ndiyo iliyoingia kwenye ndoo ya maganda. Maziwa yasiyoganda hayana uchachu wa maana. Angalau angetia mtindi! Tuko mkoa wa Mara, mtindi ni kitu cha kutafuta hapa? Kwa mtindi ningesamehe nusu ya kosa.

Mlioonja kipande cha katikati mlikutana na ile ladha ya sabuni nyuma ya ulimi, mkasema labda mdalasini ni wa siku nyingi. Mdalasini hauna kosa. Utamu nao ulipungua, kwa kuwa sukari iliyoyeyuka ilimwagwa pamoja na maji yake.

Kikombe cha bati kilichotumika kupimia nacho kimezua maneno, kwamba kile cha wamisionari wa Kimarekani ni kama mililita 240 na kile cha Kitaji kinapita hapo. Ni kweli kinapita. Lakini kilekile ndicho kilichopima tunda, sukari, unga na mafuta, kwa hiyo uwiano ulibaki palepale, ungeongeza yai moja tu mambo yakaisha. Siwezi kumkalia mtu kooni kwa hilo.

Mizizi ya keki yenyewe inajulikana. Wamennonite kutoka Lancaster, Pennsylvania, walifika Shirati mwaka 1934, na ndani ya miaka michache walikuwa na vituo Bukiroba, Mugango na Bumangi. Walikotoka ni nchi ya wakulima na miti ya matufaha, na akina mama wa kule waliandika mapishi kwa ajili ya binti aliyekwisha kumwona mama yake akipika: orodha ya vitu, hatua chache au hakuna. Mary Emma Showalter, mwalimu wa mapishi kule Virginia, alikusanya madaftari ya mkono ya namna hiyo na mwaka 1950 akatoa kitabu chenye mapishi zaidi ya 1,100. Huyo alijua kwamba kazi ya kwanza ya mkusanyaji ni kulisoma daftari kwa kuliamini. Wapishi wa misheni wa hapa nao, wale waliooka kwenye debe la mafuta ya taa lililolazwa ubavu, bila kipimajoto, wasingeuliza maziwa yako wapi. Wangeuliza, acha mpaka lini?

Sisi tumefikaje kwenye maziwa? Matufaha Musoma yalikuwa ya nadra siku zote, na wapishi walizoea kuziba pengo lake kwa papai bichi na ndimu, au kwa embe bichi. Ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, unga na sukari kwa foleni, nani anaoka? Vitu viliporudi madukani, keki iliyorudi ni moja tu: siagi ya kopo, mayai, maziwa, beking poda, na juu yake mapambo ya rangi ya sherehe za kumuaga bibi harusi. Mkono uliofundishwa keki hiyo moja, ukikutana na orodha isiyo na maziwa, unaona pengo na unakimbilia kuliziba.

Kuna aliyeniambia palepale kwamba kila mpishi ana uhuru wake. Anao. Angetangaza keki yake ya matufaha na maziwa ningekula vipande viwili na kunyamaza. Lakini tuliitwa Kitaji kwa tangazo kwamba keki iliyopotea imepatikana, na kwa tangazo hilo daftari ndilo mwamuzi. Ile haikuwa keki ya daftari. Keki ya daftari bado haijapikwa.

Wakirudia, na naomba warudie, wachukue matufaha ya kijani yenye uchachu. Wakikosa, yale mekundu matamu ya Afrika Kusini yatafaa wakiyakamulia nusu ndimu. Bakuli lifunikwe saa nzima, juisi ibaki ndani, maziwa yapelekwe kwenye chai. Na wewe unayesoma haya, kama nyumbani kwenu Bukiroba, Shirati au Bumangi kuna daftari la bibi aliyefanya kazi misheni, lifungue utazame keki ya matufaha imeandikwaje. Ukikuta maziwa, lilete, nitalisoma mbele ya watu walewale.