Fokasi ya Mkono: Rangi Itafute, Ukuzaji Uamue

Nikkor 50mm f/1.4 ya mwaka 1977 haina mota wala kiunganishi cha umeme. Ukiifunga kwenye Sony A7, adapta yenye urefu wa milimita 28.5 huziba pengo lililopo kati ya milimita 46.5 za mfumo wa Nikon na 18 za Sony. Ruhusu kamera ipige hata isipotambua lenzi, kisha fokasi yote ni juu yako. Tundu likiwa wazi kabisa na mtu yuko mita moja mbele yako, eneo lisilo na ukungu lina kina cha sentimita 3 hivi. Ukilenga pua, jicho limekuponyoka.

Msaada wa kwanza ni kingo za rangi, ulioenea kupitia kamera za Sony NEX mwaka 2011. Kamera hutafuta mahali mwanga na kivuli vinapokutana ghafla, ikapapaka rangi. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa rangi hiyo hupima utofauti wa mwanga tu. Kitambaa cha mistari huwaka haraka kuliko jicho. Isitoshe, sensa ya A7 ina pikseli milioni 24, ilhali kidirisha cha kutazamia kina kama laki 8. Pikseli moja unayoiona inabeba zaidi ya 30 za sensa, hivyo kosa dogo hufichika mpaka picha ifunguliwe kwenye kompyuta.

Msaada wa pili, kukuza sehemu ya picha, hufichua kosa hilo. Utaratibu unaofaa ni huu: weka rangi katika kiwango cha chini, zungusha pete mpaka rangi ifike usoni, kisha kuza jicho lililo karibu nawe. Pitisha pete kidogo, irudishe mpaka kope zitengane, upige papo hapo kabla wewe au unayempiga hajayumba. Fanya hivyo tundu likiwa kwenye kipimo utakachopigia, kwa sababu lenzi nyingi zenye tundu kubwa husogeza fokasi linapofungwa.

Kwa mtoto anayekimbia hutapata nafasi ya kukuza. Funga tundu hadi f/8, uitegemee rangi. Kwa picha ya uso kwenye f/1.4, usibonyeze kitufe kabla hujalikuza jicho.