Seiko 5: Ahadi Tano na Ile Isiyoandikwa

Kurasa hizi kwa kawaida huhakiki vitabu, filamu na nyimbo. Leo naomba nafasi nihakiki saa. Najua kuna watakaocheka. Lakini saa nayo imebuniwa na watu, ikabadilishwa na watu, na katika kubadilishwa huko kuna waliofikiriwa na kuna waliosahaulika. Tena sisi watu wa foleni, jamani, ni kitu gani tumekikodolea macho mara nyingi kama mshale wa saa?

Ninayoizungumzia ni Seiko 5, ile yenye alama ya ngao na tarakimu 5 ndani yake. Ukizunguka sokoni hapa kambini utaikuta kwenye mikono ya wazee, ya vijana wa bodaboda, ya mchungaji mmoja na ya mama wawili wauza dagaa ninaowafahamu. Nyingine zina umri mkubwa kuliko wanaozivaa.

Niseme mapema msimamo wangu. Saa hii ilianza na ahadi tano, ndiyo maana ya hiyo 5. Ila kilichoifanya ienee ni ahadi ya sita ambayo haikuandikwa popote: kwamba mtu wa kipato kidogo ataweza kuinunua, na fundi wa chini ya mwembe ataweza kuifungua. Kila kizazi cha Seiko 5 nakipima kwa ahadi hiyo.

Mwaka 1963 Japani ilikuwa inajiandaa kwa Olimpiki ya Tokyo ya mwaka uliofuata, ambako Seiko ndio walikuwa wapima muda. Kampuni ikatoa saa iliyoitwa Sportsmatic 5, ikiwalenga vijana, sio mabosi. Inajijaza yenyewe. Siku na tarehe ziko kwenye kidirisha kimoja. Maji hayaiingii kirahisi. Kichwa cha kurekebishia kimezamishwa pembeni, usawa wa namba 4. Na kasha na mkanda wake ni vya kudumu. Leo hayo yanaonekana ya kawaida, ila wakati ule saa nyingi ulilazimika kuzitia ufunguo kila siku, ukisahau zinakufa.

Katika hizo tano mimi naipenda ile ya kichwa. Kwenye saa nyingine kichwa kinakaa usawa wa 3, kimetokeza, kinanasa mfukoni, na ukishika jembe au ndoo kinakuchoma nyuma ya kiganja. Hapa kimesogezwa na kufichwa kwa sababu huna kazi nacho kila siku. Mbuni anakwambia: usinishughulikie mimi, endelea na shughuli zako. Saa ya tajiri haikwambii hivyo. Saa ya tajiri inataka itazamwe.

Ndani kuna kisahani kizito chenye umbo la nusu mwezi. Mkono ukisogea kinazunguka, na kipande kidogo chenye vidole viwili kinavuta gurudumu, iwe kisahani kimekwenda kulia au kushoto. Seiko walikianzisha mwaka 1959 wakakiita Magic Lever. Uzuri wake ni uchache wa vipande. Fundi mmoja wa hapa, mtu wa Fizi, huniambia kila akiifungua, "Iyi haina mambo mingi," na kwake hiyo ni sifa kubwa. Sisi tuliotoka ng'ambo ile ya ziwa hatusemi saa inafanya kazi, tunasema saa inatembea. Kwa Seiko 5 ni kweli tupu. Mwenyewe akitembea, nayo inatembea. Akilala siku mbili, kwa malaria au kwa mawazo, inasimama, maana akiba yake ni kama saa 40 tu. Kuna familia moja niliona baba yao amelazwa, watoto wakawa wanapokezana kuivaa saa yake ili aikute inatembea.

Mwishoni mwa miaka ya sitini zikaja 5 Sports. Rangi ya machungwa, buluu, makasha manene ya duara lililovimba. Ni saa za vijana wenye nywele ndefu. Macho yangu yanazifurahia, ila sina mengi ya kusema, kwa sababu ubunifu mwingi uliishia usoni.

Hadithi inanoga baada ya hapo. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko hao hao walitoa Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi kuuzwa madukani, yenye betri. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, yaani bei ya gari dogo. Muda si mrefu betri zikashuka bei, na saa za springi zikaanza kufa dunia nzima. Uswisi, viwanda vilifungwa na ajira za saa zikaporomoka hadi chini ya nusu. Japani kwenyewe, Grand Seiko na King Seiko, zile saa za mabwana, zilisimamishwa katikati ya miaka ya sabini. Kumbe iliyobaki hai ni 5! Saa ya mtu wa chini ilivuka mafuriko yaliyozamisha saa za wakubwa, tena mafuriko yaliyofunguliwa na kampuni yake yenyewe.

Kwa nini? Mimi naona jibu liko kwetu: Uarabuni, India, Asia ya kusini, Afrika. Mahali ambapo betri ndogo hukuipata, au uliipata bandia. Mashine ya zama hizo inaitwa 7009, na ndiyo ninayoiona zaidi kwa wazee hapa. Fungua kidirisha cha siku uone: siku zimeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kwa sababu zilitengenezwa kwa soko la Ghuba, na biashara ya Ghuba inafika mpaka Kigoma na Uvira. Wengi wetu tuliacha Kiarabu kikae hapo hapo. Mtu wa Kiswahili, hata asiyesoma madrasa, akisomewa tu anapata bila shida Alhamisi na Ijumaa.

Saa zenyewe lakini hakuna kiwanda kilichotuandikia. Mshale mfupi ukigusa 8, sisi ni saa mbili. Ndugu zetu wapya wa mashirika, mnaposema mkutano ni saa mbili na mna maana ya mshale kwenye 2, watu watakuwa wamekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja na halichekeshi kwa aliyekaa.

Sasa igeuze saa. Mgongoni kuna namba ya tarakimu sita. Ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Oktoba ni 0, Novemba ni N, Desemba ni D. Namba ikianza na 34, saa ilizaliwa Aprili ya mwaka unaoishia na 3. Upi? 1973? 1983? 1993? Namba haisemi. Unatazama aina ya mashine, iliyoandikwa hapo hapo mgongoni, ndipo unakisia muongo. Wengi wetu tuliopewa 01/01 kwenye karatasi za usajili tunaielewa hali hiyo. Ila saa ina bahati kidogo: mwezi wake hakuna aliyeubuni.

Mwaka 1996 ikaja mashine ya 7S26, vito 21, na hiyo ndiyo kilele kwangu. Wapenzi wa saa huko Ulaya wanaisema vibaya. Huwezi kuitia ufunguo kwa mkono; mpaka uitikise au uivae. Ukivuta kichwa kurekebisha, mshale wa sekunde hausimami, kwa hiyo huwezi kuipanga sawasawa na redio. Kiwanda chenyewe kinakubali iwahi hadi sekunde 40 kwa siku au ichelewe 20. Piga hesabu: wiki moja inaweza kuwa mbele karibu dakika tano. Kwa mtu ambaye jina lake linasomwa mara moja na orodha inafungwa, dakika tano si mchezo, ingawa heri iwahi kuliko kuchelewa.

Na tuseme ukweli, kwa usahihi peke yake Casio ya plastiki ya F-91W, iliyotoka 1989, inaishinda vibaya sana, kwa bei ya chini na betri ya miaka kama saba. Anayetaka kujua saa tu, anunue Casio, sina ubishi. Ila Casio ikifa sijaona fundi hapa anayeihangaikia, inatupwa. 7S26 inasafishwa, inatiwa mafuta, inarudi barabarani. Nayo ni mali. Inawekwa rehani, inauzwa kwa nauli, inaachiwa mtoto. Kwa muda mrefu Seiko 5 mpya yenye mashine hiyo, pamoja na mgongo wa kioo wa kuonyesha kisahani kikicheza, iliweza kupatikana chini ya dola 100. Hapo ahadi ya sita ilitimizwa kuliko wakati wowote.

Kabla sijafika mwisho, neno kuhusu zile zinazouzwa kama "za zamani, mpya kabisa". Nyingi ni saa za kweli zilizokusanywa India, zikasafishwa na kupakwa uso upya. Utazijua: uso unang'aa kama soda ya machungwa, neno Seiko limekaa upande, na mishale si ya saa ile. Wakusanyaji wanazidharau kupita kiasi. Mashine ndani mara nyingi ni halisi, na saa iliyoungwa kwa vipande vya saa tatu bado inatembea. Kosa ni la muuzaji anayekutoza bei ya saa isiyoguswa. Aseme imepakwa, tupatane.

Mwaka 2019 Seiko wakaizindua upya familia nzima kwa jina la Seiko 5 Sports, miundo 27 kwa mpigo. Ngao ikaondolewa, ikawekwa 5 ya mchoro mpya. Kasha lilikopwa sura kutoka saa yao ya wapiga mbizi iliyopendwa sana, SKX, ila uwezo wa maji ukashuka kutoka mita 200 hadi 100. Kwa hiyo imevaa nguo za mpiga mbizi lakini kwenye maji ya kina haiendi. Mashine ikawa 4R36: unaweza kuitia ufunguo, na sekunde zinasimama ukivuta kichwa. Mapungufu mawili niliyoyataja yamefutwa na nawapongeza. Kisha ukatazama bei: karibu dola 300. Wakaleta na matoleo ya Naruto na Street Fighter, ambayo vijana wetu wa hapa wanayajua vizuri kuliko mimi, wakayatazama kwenye simu, wakapita.

Watu wa Seiko wenyewe hupenda kusimulia kwamba tetemeko la Tokyo la 1923 lilipounguza saa kama 1,500 za wateja zilizokuwa kwenye matengenezo, mwenye kampuni, Kintaro Hattori, aliwapa wateja saa mpya bila malipo. Ni hadithi nzuri na sina sababu ya kuikataa. Lakini kampuni yenye hadithi hiyo ilikuwa na familia moja tu ya saa inayolingana nayo, na ndiyo hiyo waliyoipandisha ngazi. Mnamo 2024 wakarudisha umbo dogo la zamani, milimita 37 na kitu, kichwa kikiwa kimefichwa tena vizuri. Ni saa nzuri, niliona picha. Umbo limerudi, bei imebaki kule kule.

Kilichobaki kwa sisi wa huku ni mlango wa nyuma. Mashine ya 4R36 ina pacha anayeuzwa peke yake kwa mafundi na viwanda vingine kwa jina la NH36, na pacha huyo anaingia kwenye kasha la 7S26 bila kuchonga kitu. Fundi wangu wa Fizi ameshafanya hivyo mara mbili kwa mashine zilizotumwa na ndugu walioko nje. Ngao ya zamani usoni, mashine mpya ndani, na kichwa kile kile usawa wa 4.

Kama unataka kununua sokoni, basi: igeuze kwanza usome mgongo. Usikubali tarehe ya muuzaji. Itikise taratibu, uilaze sikioni uhesabu pumzi kumi. Sauti iwe ya mfululizo. Ikikwama hata mara moja, ni mafuta yamekauka, na hapo punguza bei kwa gharama ya fundi.