Ziwa Limo, Sisi Je?

Msomaji wa Liuli au Mbamba Bay anayelitafuta Ziwa Nyasa katika vitabu vya hadithi vya Kiswahili atalikuta mapema, katika Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Watu wanatekwa pande za ziwa hilo, wanaswagwa hadi pwani na kupakiwa jahazini. Waingereza wanawaokoa baharini, na safari yao inaishia Freretown, Mombasa. Ziwa letu limo. Sisi je?

Naona tumo kidogo mno, kwa sababu ya mahali aliposimama msimulizi. Mbotela alikuwa mtoto wa mateka aliyekombolewa. Anasimulia akiwa Freretown, na kila tukio linavutwa kuelekea huko, huku shukrani kwa waokozi ikizidi kupanda. Nyasa inabaki kuwa mahali pa kuondokea. Simulizi haligeuki likakaa na waliobaki, nao wana kisa kizito: wazee wa Umatengo, milimani juu ya ziwa, husimulia jinsi watu walivyokimbilia milimani mbele ya mashambulizi ya Wangoni, wakalima kwa mashimo ya ngolo kwenye miteremko ambayo mgeni angeiona haifai hata mbuzi.

Sasa mchukue msomaji huyohuyo, umpe Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Ziwa ni jingine, Viktoria. Kisiwa ni Ukerewe. Lakini msimulizi hapa hamtambulishi mtu kwa mgeni. Anaingia nyumbani kwa Zakaria na Regina kama jirani aliyezoea mlango, na mabinti zao wanaitwa Rosa, Flora, Honorata, Stella, Sperantia. Kwetu Mbinga, ambako Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 walieneza Ukatoliki, majina ya namna hii huitwa kanisani na shuleni kila siku. Msomaji hajaombwa ashangae, basi hashangai. Anaanza moja kwa moja kuogopa.

Na ataogopa kweli pale Zakaria anapogundua barua ambayo kijana Charles alimwandikia Rosa na kumpiga binti huyo. Kezilahabi hatupi nafasi ya kusema kwamba hayo ni mambo ya huko Ukerewe. Hakuna maelezo ya mila ya kujifichia nyuma yake. Kuna baba mlevi, barua na fimbo. Kipigo hicho kinamfuata Rosa hadi shuleni, ambako anawakwepa wanaume kwa hofu, na hadi chuoni Morogoro, ambako hofu hiyo inapasuka na kuwa kinyume chake. Muundo huu wa kuliacha tukio moja lifanye kazi polepole katika mwili wa mtu unamgusa msomaji wa ng'ambo nyingine ya nchi kuliko ambavyo jina la ziwa lake lingeweza. Ndiyo maana siwaelewi walioona kitabu hiki hakifai shuleni.

Sisemi Mbotela aachwe. Asomwe Mbamba Bay, tena kwa sauti, lakini msomaji asikubali kupanda jahazi upesi kama msimulizi anavyotaka. Kila mtu anapochukuliwa katika kurasa zile, aulize ni nani aliyerudi jioni akakuta nyumba ina mtu pungufu, na kwa nini simulizi halikumngoja.