Siti binti Saad na Neno "Siwezi"

Msomaji, hapana shaka umepata kulisikia, na yamkini umepata kulitamka wewe mwenyewe, neno fupi lenye silabi tatu tu: siwezi. Neno hili husemwa Unguja penye karafuu, na husemwa Kwanza, kaskazini ya mji wa Kitale, penye mahindi na ukungu wa Mlima Elgon. Mwanafunzi hulisema mbele ya hesabu. Mwana wa kibarua hulisema apitapo mbele ya lango la shule kubwa. Kila mmoja hulitamka kana kwamba amezaliwa nalo, wala hakumbuki ni nani aliyemfundisha. Nataka leo tulipime neno hili kwa kitabu kimoja, kisha kitabu chenyewe nacho tukipime.

Kitabu hicho ni Wasifu wa Siti binti Saad, kilichotungwa na Shaaban Robert. Mtungaji huyu, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alichagua kueleza maisha ya mtu ambaye wengi wa zama zake wasingalimdhania kuwa anastahili kuandikwa. Siti alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, karibu na mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa watu wa bara kwa asili, na kazi yao ilikuwa ufinyanzi. Hakupata kusoma wala kuandika. Hata jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Hili la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, alilipata baadaye. Ni watu wangapi waitwao kila siku kwa jina la unyonge wasiishie kulisadiki?

Walimwengu wa wakati ule walikuwa na hoja iliyoonekana imara. Maji hufuata mkondo, walisema. Mwana wa mfinyanzi atafinyanga. Taarabu ilikuwa ya majumba ya wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu. Msichana wa shamba, asiye na elimu wala nasaba, angeingiaje humo? Hoja hii ilikuwa na kosa moja: ilieleza yaliyokuwa, ikadai kuwa ndiyo yatakayokuwa.

Siti alikuwa akichukua vyungu kutoka shamba kwenda kuvitembeza mjini, na inasimuliwa kuwa alivinadi kwa sauti iliyowafanya watu wasimame. Tafakari jambo hili, msomaji. Kazi aliyodharauliwa kwayo ndiyo iliyomkomaza koo. Mwaka 1911 alihamia mjini, akapata watu wa kumfundisha kuimba, akajiunga na wenziwe wapiga ala. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, Bara Hindi, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Na sahani hizo zilivuka bahari na kufika mahali ambapo mwenyewe hakupata kukanyaga. Nyimbo hizo zilikuwa za Kiswahili. Mtu aliyeambiwa kuwa lugha yake haifai kwa taarabu aliifanya taarabu izungumze lugha hiyo. Alipofariki mwaka 1950, jina la Mtumwa lilikuwa limekwisha kusahauliwa na wengi.

Hayo ni mema ya kitabu, nayo ni makubwa. Lakini mhakiki anayesifu tu hamsaidii msomaji, kwa hiyo niruhusu nitaje kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni kwamba Shaaban Robert alimpenda mno mtu aliyekuwa akimweleza. Alikuwa mshairi na mwalimu wa maadili, na kalamu yake ilielekea kwenye sifa. Twamwona Siti akishinda. Ni haba kumwona akisitasita. Tungependa kujua usiku wake wa kwanza mbele ya watu ulikuwaje, na alijiambia nini waliomhusudu walipomcheka kwa uso wake na kwa kuzaliwa kwake. Twajua kwamba aliwajibu kwa wimbo, lakini kati ya tusi na wimbo pana masaa, na masaa hayo ndiyo ambayo kijana mwenye hofu anayahitaji. Ushindi usioonyesha mashaka humfanya msomaji adhani kwamba mashujaa hawana mashaka. Akiyakuta yake, hufunga kitabu na kusema siwezi kwa sauti kubwa zaidi.

Kasoro ya pili ni nzito. Msomaji asiye mwangalifu huweza kutoka kitabuni akiamini kwamba moyo peke yake hubomoa kila ukuta. Sivyo. Ziko kuta za mawe na ziko kuta za ukungu. Kwa miaka mingi ya utawala wa Kiingereza, mpaka karibu na uhuru wa mwaka 1963, mashamba makubwa ya Trans Nzoia yalitengwa kwa ajili ya Wazungu. Mfanya kazi wa Kiafrika aliyesema "Siwezi kununua shamba hili" hakuwa mwoga. Alikuwa akieleza sheria. Kumwambia abadilishe mawazo yake kungalikuwa dhihaka. Ilibidi sheria ndiyo ibadilishwe.

Lakini tazama ukuta wa ukungu katika nchi ile ile. Mwaka 1955 wataalamu wa Kitale walianza kazi ya kuboresha mbegu za mahindi, na mwaka 1964 walitoa mbegu chotara iitwayo H611, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi ya Ecuador. Mbegu za namna hiyo zilidhaniwa kuwa za mashamba makubwa, kwa sababu hununuliwa upya kila mwaka na hudai utunzaji. Mkulima mdogo, ilifikiriwa, hataziweza. Naye mkulima mdogo wa magharibi ya Kenya alizipokea kwa upesi uliowashangaza wengi. Alishawishika kwa macho yake: mahindi mapya na mahindi ya zamani yalisimama katika udongo mmoja, chini ya mvua moja, na mavuno yakatoa hukumu.

Hapa ndipo mkulima anapokikamilisha kitabu. Dhana iliyo moyoni mwako ni mbegu ya zamani. Huna haja ya kuitukana wala kuitupa kabla ya wakati. Iulize kwanza: nani alikupanda hapa? Umezaa nini mpaka sasa? Kisha panda mstari mmoja wa dhana nyingine kando yake. Ukisema huiwezi hesabu, fanya swali moja kila jioni kwa msimu mmoja, ukiwa na mwalimu au mwenzi wa kukuongoza, kama Siti alivyopata wa kumwongoza. Mwisho wa msimu, linganisha. Huenda ukakuta ukuta wa mawe. Basi umeujua, na utatafuta wenzako wa kuubomoa. Aghalabu utakuta ukungu.

Kwa hiyo kisome kitabu cha Shaaban Robert, lakini kisome ukiwa macho. Pokea kutoka kwake heshima aliyompa mwana wa mfinyanzi, na ongeza mwenyewe mashaka ambayo hakuyaandika. Asubuhi, mtoto wa Kwanza atokapo nyumbani, haoni mlima. Ukungu umeufunika, na mgeni angeweza kuapa kwamba hapana mlima. Yeye hubeba vitabu vyake akashika njia, na afikapo shuleni jua limekwisha kupanda.